Kulisoma goti kwa mguu wa mbuzi: mwongozo kwa anayeanza

Kila muhula ukianza, maswali ya wanafunzi wa utabibu, uuguzi na viungotiba ni yale yale. Goti la mbuzi mbona linakunja kinyume? Nianzie wapi kukata? Kitabu kinaonyesha ligamenti za msalaba (mikanda miwili inayofunga mfupa kwa mfupa) katikati ya goti, mbona mimi nimefungua nikakuta mafuta matupu? Mwongozo huu unajibu kwa vitendo. Unahitaji mguu mmoja wa mbuzi, kisu kikali na nusu siku. Utajua zaidi kuhusu goti kuliko ukikariri picha wiki nzima, ila kwa sharti moja: usikate kitu ambacho hujakipapasa kwanza kwenye goti lako mwenyewe.

Vitu vya kuandaa

- Mguu wa nyuma wa mbuzi, mzima, kuanzia nyonga hadi chini ya kifundo. Kwa mbuzi wetu wa kienyeji ni kama kilo moja na nusu hadi mbili na nusu.
- Mpini wa upasuaji namba 4 wenye bledi namba 22 kwa kazi ya misuli, na mpini namba 3 wenye bledi namba 15 kwa kazi ya ndani ya kiungo. Huna? Kisu kidogo cha jikoni chenye ncha kinatosha, mradi kimenolewa. Wembe mtupu usiutumie: hauna pa kushika, na mafuta yakishika vidole utajikata.
- Kibano, mkasi na glavu jozi mbili.
- Bomba la sindano la ml 10, sindano geji 21, na rangi ya chakula, ya bluu au kijani.
- Ubao wa kukatia na taulo kuukuu la kuweka chini yake usiteleze.
- Beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa safi.
- Uzi na vipande vya karatasi kwa ajili ya majina, kalamu ya wino, na simu ya kupiga picha.
- Mtu wa pili. Vipimo vya hatua ya 4, ya 7 na ya 8 vinataka mikono minne.

Maji ya uvuguvugu si ya anasa. Mwezi wa sita na wa saba, Mbeya, Njombe au Makete, shahamu ya mbuzi inaganda kwenye bledi na kwenye glavu kabla hujamaliza upande mmoja. Bledi inaonekana butu kumbe imepakwa mafuta tu. Ichovye, ifute, endelea.

Kununua mguu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla ya kuianza. Kile tunachokiita goti la mbuzi kwenye mguu wa mbele si goti, ni kifundo cha mkono, yaani mahali unapovaa saa. Na kwenye mguu wa nyuma, kiungo kinachoonekana kukunja kinyume ni kifundo cha mguu. Mbuzi anatembea kwa ncha za vidole, kisigino chake kiko juu hewani. Goti lenyewe liko juu zaidi, karibu na tumbo, limefichwa na ngozi na nyama, na linakunja upande uleule linakokunja lako.

Kwa hiyo ukifika buchani, iwe Mwanjelwa, Uyole au soko kuu la Iringa, mwambie muuzaji mapema: "Mguu wa nyuma, usiguse na shoka." Kwa mazoea ataucharanga palepale kwenye goti, maana ndipo unapokatika kirahisi. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mbuzi aliyechinjwa uchochoroni anaweza kuwa na kimeta au bruselosi, na wewe utakuwa umeshika tishu mbichi kwa saa mbili au tatu.

Kondoo anafaa sawasawa na mbuzi. Ng'ombe hafai kwa anayeanza: ni mkubwa mno, na pia yake ya goti ina ligamenti tatu za kushuka chini wakati mbuzi na binadamu wana moja. Kwa asiye na shida na kitimoto, mguu wa nguruwe una faida yake, kwamba fibula, ule mfupa mwembamba wa nje ya muundi, upo mzima kama wetu. Hasara yake ni mafuta mengi.

Hatua ya 1: Lipapase goti lako

Kaa kwenye kigoda, goti likunje nyuzi 90, unyayo sakafuni. Chora kwa kalamu juu ya ngozi kila unachokipata.

Anza na pia ya goti, yaani kilegesambwa. Shuka kwa kidole: unapita kwenye ukano mpana, mgumu, kisha unafika kwenye nundu ya mfupa wa muundi. Pande zote mbili za ukano huo kuna vibonde laini; hapo ndipo mstari wa kiungo ulipo, paja linapokutana na muundi. Fuata mstari huo kuzunguka hadi ndani na nje.

Sasa upande wa nje, chini kidogo ya mstari wa kiungo, utagusa kichwa cha fibula. Vuta kisigino nyuma dhidi ya mguu wa kigoda na ushike nyuma ya goti: ukano unaosimama upande wa nje ni wa baisepsi femorisi, na unaishia kwenye kichwa hicho cha fibula. Upande wa ndani zinasimama kano mbili, ile nyembamba inayochomoza zaidi ni semitendinosasi, na pana iliyo chini yake ni semimembranosasi.

Bonyeza kwa upole chini kidogo ya kichwa cha fibula, kwenye shingo yake. Ukihisi ganzi au mchonyoto ukishuka nje ya muundi hadi juu ya unyayo, umegusa neva ya kawaida ya fibula. Imepita pale juu ya mfupa, karibu sana na ngozi. Ndiyo maana bandeji au plasta ngumu ikibana mahali hapo mgonjwa anaweza kuamka asiweze kuinua unyayo. Kumbuka mahali hapo. Utaiona neva yenyewe kwenye mbuzi.

Mwisho, nyoosha mguu juu ya kitanda na uulegeze kabisa. Pia ya goti inasogea kushoto na kulia kwa kidole. Kaza paja: inaganda. Mnofu unaojaa juu na ndani ya pia ni vastasi medialisi.

Hatua ya 2: Elekeza mguu wa mbuzi

Uweke ubaoni, pia ikuelekee wewe. Upi ni upande wa ndani? Pitisha kidole kwenye muundi. Upande ambao mfupa umekaa chini ya ngozi tu, bila misuli, ndio wa ndani, kama ulivyo wako. Funga uzi wenye alama "NDANI" upande huo. Usilione jambo hili dogo. Ukishaugeuzageuza mguu mara tatu bila alama, utaita ligamenti ya nje ya ndani na kila kitu kitakachofuata kitakuwa kichwa chini.

Kunja na kunjua goti mara kumi. Kama limekakamaa, soma sehemu ya matatizo hapo chini kabla ya kukata.

Hatua ya 3: Upande wa nje

Toa ngozi kama ipo, kisha utando mweupe ulio juu ya misuli. Tumia vidole zaidi ya kisu. Misuli imetenganishwa na tishu laini inayoachia ukiisukuma kwa kidole gumba, na ukiona unalazimika kukata nyama nyekundu, ujue umetoka njiani.

Msuli mpana uliofunika nje yote ya paja ni baisepsi femorisi. Hapa mbuzi na binadamu wanaachana: wa mbuzi umeungana na msuli wa tako na umetandaa, wetu una vichwa viwili na unaishia kwa ukano mmoja kwenye fibula. Ukate karibu na pia, uukunjue nyuma. Chini yake utaona neva nene nyeupe, neva ya siatiki, ikigawanyika mara mbili. Tawi la mbele ndilo lile uliloligusa kwenye shingo ya fibula yako. Liinue kwa kibano, lifunge uzi, piga picha.

Hatua ya 4: Mbele ya paja

Hapa kaa sana. Kwadrisepsi ni misuli minne, na wanafunzi wengi wanaweza kuitaja wasiweze kuitenganisha.

Katikati, juu kabisa, ni rektasi femorisi, wa mviringo. Ingiza kidole chini yake utaona unainuka wote bila kushikwa na mfupa wa paja, kwa sababu unaanzia kwenye fupanyonga. Ni yeye peke yake kati ya hao wanne anayevuka viungo viwili, nyonga na goti. Kama mguu umekatwa nyongani, ncha yake ya juu itakuwa inaning'inia.

Nje yake ni vastasi lateralisi, mkubwa kuliko wote. Kwa binadamu huo ndio msuli unaodungwa chanjo za watoto wachanga, katikati ya paja upande wa nje, mbali na neva ya siatiki na mishipa mikubwa. Ndani ni vastasi medialisi. Chini ya rektasi, umeshika mfupa, ni vastasi intermediasi. Usisumbuke sana kuutenga huu na wenzake. Kwa mbuzi umeshikana nao, na hata kwa binadamu mpaka wake si wa wazi.

Sasa mjaribu kila mmoja. Msaidizi ashike fupa la paja. Wewe kamata rektasi kwa kibano na uvute kuelekea nyonga: muundi unanyooka. Vuta vastasi lateralisi peke yake: pia inaelekea nje. Vuta medialisi: inarudi ndani. Ukiona hilo kwa macho huhitaji tena kuelezwa kwa nini mtu mwenye medialisi dhaifu pia yake inaweza kuvutwa nje.

Misuli hii pia ndiyo breki. Anayeshuka mlima Loleza, Mbeya, kwa miguu, kwadrisepsi zake zinakaza huku zikirefushwa kila anapokanyaga, na ndizo zitakazouma kesho yake kuliko mashavu ya miguu. Kupanda kunachosha pumzi, kushuka kunaumiza paja.

Hatua ya 5: Ndani na nyuma ya paja

Pita haraka. Juu ya uso wa ndani ni grasilisi, mpana na mwembamba, mbele yake sartoriasi. Kwa binadamu kano za sartoriasi, grasilisi na semitendinosasi zinashikamana pamoja ndani ya muundi, chini ya goti, na ni mahali panapouma mara nyingi kwa watu wenye uzito mkubwa na wakimbiaji. Nyuma fuata semitendinosasi na semimembranosasi hadi mwisho wake.

Katikati ya uvungu wa goti kuna donge la mafuta. Lifungue taratibu. Ndani yake kuna tezi ya limfu. Wakaguzi wa nyama huijua. Ndani zaidi, imelala karibu kabisa na mfupa, ni ateri ya goti. Ukaribu huo ndio hatari yake: goti likitoka mahali pake kwa ajali, ateri hii inaweza kuchanika hata kama ngozi haina jeraha. Mgonjwa wa namna hiyo papasa mapigo ya unyayo kwanza, mengine baadaye.

Hatua ya 6: Jaza kiungo rangi kabla ya kukifungua

Wengi wanairuka hatua hii, na hairudiwi. Changanya matone machache ya rangi na maji ml 10. Kunja goti, choma sindano pembeni ya ukano wa pia, nusu ya njia kati ya pia na muundi, ukielekea katikati na nyuma. Sukuma polepole. Ikigoma mara moja, uko ndani ya mafuta. Ingiza zaidi kidogo. Ikipita, utaona mfuko wa kiungo ukivimba pande zote mbili na kupanda juu ya pia, chini ya kwadrisepsi.

Mfuko huo kwa binadamu unapanda kama vidole vitatu juu ya pia. Kwa hiyo goti lililojaa maji linavimba juu ya pia, si mbele yake, na jeraha la msumari au mwiba juu ya pia linaweza kuwa limeingia kwenye kiungo.

Ukiona rangi inashuka kidogo upande wa nje wa muundi, hujatoboa kitu. Mbuzi ana ukano wa kunyoosha vidole unaoanzia kwenye fupa la paja na kuvuka goti, na mfuko unashuka nao. Binadamu hana ukano huo gotini.

Hatua ya 7: Ligamenti za pembeni

Badilisha bledi, weka namba 15. Safisha pembeni za goti bila kuufungua mfuko wa mbele. Ndani utapata ukanda bapa kutoka fupa la paja hadi muundi, umeshikamana na meniskasi ya ndani (meniskasi ni kipande kama mto kati ya fupa la paja na muundi). Nje ni mkanda wa mviringo zaidi, na kati yake na meniskasi unapita ukano wa popliteasi, msuli mdogo wa nyuma ya goti. Kwa sababu hiyo meniskasi ya nje inasogea kwa uhuru kuliko ya ndani, na ya ndani huchanika zaidi.

Msaidizi ashike paja. Kunja goti nyuzi 30 na usukume muundi kuelekea nje, kisha ndani. Sikilizia kwa mikono jinsi linavyogoma. Usikate bado.

Hatua ya 8: Fungua na ufike kwenye msalaba

Kata mfuko pembeni ya pia, pande zote mbili, panda hadi juu ya kwadrisepsi, kisha ipindue pia chini pamoja na misuli yake. Gegedu litakalojitokeza ni jeupe linalong'aa. Lilowanishe mara moja kwa maji na ufanye hivyo kila dakika chache, maana likikauka linakuwa la manjano na kupoteza mng'aro, nawe utadhani umekutana na ugonjwa.

Sasa yale mafuta. Nyuma ya ukano wa pia kuna mto wa mafuta uliojaza nafasi yote ya mbele, mbuzi na binadamu vilevile. Ligamenti ziko nyuma yake. Usiukate kwa kisu. Ushike kwa kibano na uukwangue kidogo kidogo kwa mkasi uliofungwa mdomo.

Ligamenti ya msalaba ya mbele inatoka nyuma, kwenye uso wa ndani wa nundu ya nje ya ncha ya chini ya fupa la paja, inashuka mbele na ndani hadi juu ya muundi, kama mkono unaoingia kwenye mfuko wa mbele wa suruali wa upande uleule. Ya nyuma inakatiza kinyume chake na ni nene zaidi.

Kunja nyuzi 90, vuta muundi mbele. Kumbuka ulivyosogea. Kata ligamenti ya mbele peke yake, vuta tena. Muundi utakuja mbele waziwazi. Usisogeze mikono wala kubadilisha pembe kati ya vipimo viwili, la sivyo hutajua tofauti imeletwa na nini. Kisha kata ya nyuma, na usukume muundi nyuma.

Hatua ya 9: Tenganisha mifupa

Kata ligamenti za pembeni na kilichobaki cha mfuko. Juu ya muundi utaona meniskasi mbili. Kwa binadamu ya ndani ina umbo la herufi C iliyofunguka, ya nje inakaribia duara. Kata moja kwa upana: ukingo wa nje ni mnene, wa ndani umechongoka. Damu inafika ukingo wa nje tu, hivyo mchaniko wa huko unaweza kupona na wa ndani kwa kawaida haushikani.

Tafuta fibula. Kwa mbuzi imebaki kinundu tu chini ya ukingo wa nje wa muundi. Usiitafute chini zaidi.

Kosa linalovuruga watu kwenye mtihani

Mbuzi husimama goti likiwa limekunja. Halinyooki hadi mwisho kama letu. La binadamu likinyooka kabisa, na unyayo ukiwa umekanyaga, fupa la paja linazunguka kidogo kuelekea ndani na goti linajifunga, na popliteasi ndiyo inayolifungua. Hilo hutaliona kwa mbuzi hata ukivuta kwa nguvu. Ukivuta sana utachana mfuko.

Matatizo na utatuzi

*Goti halikunji kabisa.* Nyama imekakamaa baada ya kuchinjwa. Likunje na kulikunjua kwa nguvu mara kadhaa. Ukakamavu ukishavunjwa haurudi. Au liweke kwenye friji, si friza, hadi kesho.

*Rangi imevuja yote.* Umetoboa mfuko ulipokuwa ukisafisha. Funika tundu kwa kidole, sindilia tena ml 5. Ikishindikana endelea na hatua ya 7.

*Nimefungua nikakuta ligamenti ya mbele haipo.* Mara nyingi imekwenda pamoja na mto wa mafuta. Tafuta kisiki chake mbele ya muundi. Mguu mwingine ukiupata, mkasi mdomo ufungwe.

*Vipimo havionyeshi tofauti.* Msaidizi ameshika nyama, hakushika mfupa. Toa misuli ya paja, ashike fupa lenyewe.

*Nataka kuipika nyama baadaye.* Amua kabla hujaanza: hakuna formalini (dawa ya kuhifadhi tishu), visu vya jikoni vilivyosafishwa, sehemu zenye rangi zitupwe, na kazi imalizike asubuhi ileile. Vinginevyo fukia.

*Nimechemsha mifupa niihifadhi, ncha za fupa la paja zimebanduka.* Hujavunja kitu. Mbuzi alikuwa bado anakua, na mstari wa gegedu la kukulia umeyeyuka kwenye maji ya moto. Kausha vipande kivulini, kisha uvigandishe kwa gundi ya mbao.